Vita vya mbali huingia kwa mlango gani?



Asubuhi moja ya mwezi wa Machi 2022, kabla ya kengele ya shule, mama mmoja jirani yetu hapa Mulongwe, ambaye riziki yake ni kukaanga mandazi, aliniita mlangoni pake. "Mwalimu," akaniambia, "wewe ndiwe msomaji wa magazeti. Hiyo Ukraine iko wapi, nayo ina kisa gani na beseni langu la unga?" Mfuko wa unga wa ngano ulikuwa umepanda bei katika majuma machache, na mwenye duka alipoulizwa sababu alijibu neno moja tu: vita. Mama yule alikuwa amekwisha kufanya hesabu yake. Akipandisha bei ya andazi, watoto wa shule hawatanunua, maana mfukoni wanayo noti ile ile ya jana. Akiiacha bei palepale, atakula mtaji. Basi akachagua njia ya tatu ambayo kila mkaangaji aijua: andazi likapungua. Watoto waliliona siku ile ile, kwani katika jambo la andazi hakuna mtoto asiyejua kupima.

Nilichukua kijiti nikamchorea ramani mchangani: hapa ziwa letu, hapa Dar es Salaam, huku Misri, na juu kabisa Bahari Nyeusi. Akatazama, akasema, "Basi watu ambao siwajui wanapigana mahali nisipopajua, nao wamenitoza mimi kodi." Nikaitikia tu, nikaenda darasani, lakini neno lile sikuliacha njiani.

Sisi wa Uvira hatuhitaji kufundishwa maana ya vita. Wazee wetu walivikimbia mwaka 1964, wazazi wetu mwaka 1996 na 1998, na sisi wenyewe twajua yaliyotupata katika miaka hii ya karibuni. Vita vya karibu, pamoja na ubaya wake wote, vina sauti. Ukisikia bunduki upande wa Kavimvira wajua la kufanya: mtoto mgongoni, mkeka na sufuria kichwani, njia ya milimani au mtumbwi wa kuvuka. Vita vya mbali havina sauti. Huwezi kuvikimbia, maana huoni vinatoka upande gani. Ndiyo sababu nataka leo tuvitazame kwa utaratibu.

Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022. Nchi hizo mbili pamoja zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano yote inayosafirishwa kutoka nchi hadi nchi, na Ukraine peke yake karibu nusu ya mafuta ya alizeti. Bandari za Bahari Nyeusi zikafungwa. Katika bonde letu la Ruzizi sisi ni watu wa muhogo, mahindi na mpunga; ngano hatulimi. Unga wa mandazi hutujia kutoka ng'ambo. Mwingi hushushwa Dar es Salaam, huja kwa nchi kavu hadi Kigoma, hupakiwa melini na kushushwa bandarini Kalundu. Tena haikuwa lazima ngano ya mfuko ule iwe imetoka Ukraine. Waliozoea kununua ya Ukraine walikimbilia ya nchi nyingine, wakagombania kidogo kilichopo, na bei ikapanda kwa wote, hata kwa yule ambaye unga wake haujapata kuiona Bahari Nyeusi. Mwezi ule wa Machi, hesabu ya bei za vyakula inayowekwa na FAO, chama cha Umoja wa Mataifa cha chakula na kilimo, ilifika juu kuliko wakati wowote tangu mwanzo wake mwaka 1990. Nayo mafuta ya petroli kabla ya kusafishwa yalipita dola 120 kwa pipa.

Niliyaeleza hayo darasani, nikijiona nimeyaeleza vema. Msichana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, sombe halitoki Ukraine. Mbona fungu limepanda?" Darasa likacheka. Nikamjibu upesi kwamba wauzaji wa sombe ni wajanja na wamepata kisingizio. Hapo kijana wa nyuma, ambaye kaka yake huendesha pikipiki, akasimama akasema kwa adabu kwamba sombe la sokoni huletwa kwa pikipiki kutoka mashambani, na lita ya mafuta si ile ya mwezi uliopita. Mwingine, mtoto wa mvuvi, akaongeza kwamba mashua za ndagala nazo zina mashine inayokunywa mafuta hayo hayo usiku kucha, hata usiku ambao wavu umerudi mtupu. Naungama mbele yenu kwamba niliona haya. Mwalimu alikuwa ametafuta vita ndani ya mfuko wa unga, na wanafunzi wake walikuwa wameviona ndani ya kila kitu kinachobebwa.

Hata hivyo msichana yule hakukosea kabisa kushuku, wala mimi sikukosea kabisa kumjibu. Wako waliokuwa na mifuko ghalani, iliyonunuliwa kwa bei ya zamani kabla ya bunduki ya kwanza kulia, wakaiuza kwa bei ya vita. Tena katika miaka iliyofuata, ndugu zetu wa Bujumbura walipopanga mistari ya magari kwenye vituo vya mafuta, watu wengi hapa walisema ni vita vya Ukraine. Sivyo. Shida kubwa ya Burundi ilikuwa uhaba wa fedha za kigeni za kununulia mafuta hayo. Neno "vita" ni kapu kubwa, na mwenye hila hutia humo kila anachotaka kuficha.

Wako pia waliopata. Mwezi wa Aprili 2022 Indonesia, nchi inayoongoza duniani kwa mafuta ya michikichi, ilizuia kuyauza nje kwa majuma kadhaa, ili watu wake wenyewe wasiyakose. Wakati huo akina mama wa hapa waliokuwa wamezoea mafuta ya ng'ambo walirudia mawese yetu mekundu. Mzee mmoja mwenye michikichi upande wa Baraka aliniambia kwamba mwaka ule aliezeka nyumba kwa mabati. Simlaumu. Hakuanzisha vita yeye.

Lakini swali la mama yule ni la zamani kuliko yeye na mimi. Nililisikia kwanza utotoni, kwa maneno mengine, kutoka kinywani mwa nkambo wangu, mama wa mama yangu, Mungu amrehemu. Alizaliwa katika bonde la Ruzizi kabla ya vita vya pili, na hadithi zake nyingi alizipata kwa mama yake. Yeye hakusema "vita vya kwanza vya dunia". Alisema "mwaka wa mizigo".

Tukumbuke mambo yalivyokwenda. Mwezi wa Juni 1914 mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria aliuawa kwa risasi mjini Sarajevo. Nani hapa kwetu alikuwa amesikia jina la Sarajevo? Katikati ya Agosti mwaka ule ule, Wajerumani waliotawala ng'ambo ya ziwa walikuja kwa meli wakavunja mitumbwi kwenye pwani yetu kusini ya Uvira na kukata waya wa simu. Na tarehe 22 meli yao Hedwig von Wissmann ikaipiga kwa mizinga meli ya Wabelgiji huko Lukuga, kwenye mji wa Kalemie wa leo. Tazama basi: mfalme mtarajiwa ameuawa Ulaya, na kabla ya miezi miwili kwisha mvuvi wa Tanganyika hana mtumbwi. Mwezi wa Septemba Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu, na mto Ruzizi, ambao watu walikuwa wakiuvuka kwenda kuoa na kuuza mbuzi, ukawa mpaka wa bunduki.

Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji, chini ya Jenerali Tombeur, yalivuka. Kigali ikashikwa mwezi wa Mei, Usumbura, yaani Bujumbura, tarehe 6 Juni, na Tabora tarehe 19 Septemba. Mwaka uliofuata walifika hata Mahenge, mbali kusini ya Tanganyika. Katika vitabu vya shule tulivyosomea, Tabora ni ushindi wa askari. Lakini askari hula, na bunduki hula risasi, na katika nchi zile hapakuwa na barabara ya motokari. Kila gunia, kila sanduku na kila kipande cha mzinga kilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Yahesabiwa kwamba kwa vita vile wapagazi wapatao 260,000 walichukuliwa Kongo, wengine kwa safari fupi, wengine kwa miezi mingi. Waliokufa wakadiriwa kuwa 25,000 hivi, nao ni wengi mara nyingi kuliko askari waliokufa vitani. Risasi haikuwaua wengi. Waliuawa na kuhara damu, na homa ya mapafu katika baridi ya milima, na chakula kigeni: mtu aliyekulia ndizi na muhogo akipewa nafaka kavu bila kuni za kutosha wala muda wa kuipika, tumbo lake halikuistahimili.

Babu yake nkambo alikuwa mmoja wao. Kapita alikuja kijijini na kamba, akataka watu kwa hesabu, na chifu hakuweza kutoa pungufu. Alikwenda wakati wa kupanda maharagwe. Nyumbani ikabaki nguvu ya mtu mmoja kwa shamba la watu wawili, na askari waliopita walichukua mbuzi na akiba ya mbegu. Njaa haikuja kwa kukosa mvua. Ilikuja kwa kukosa mikono. Ng'ambo ya mpaka, huko kaskazini magharibi ya Rwanda, vita hivyo vilileta njaa kubwa ambayo wenyeji waliipa jina lake, Rumanura. Hapa kwetu nkambo hakuipa jina. Alisema tu kwamba mama yake, aliyekuwa mtoto mchanga, alinyonya ziwa lisilo na kitu, na kwamba mtoto aliyemtangulia hakupona.

Mzee yule hakurudi. Hakuja mtu kusema amekufa wapi. Wengine waliorudi walisema walimwona mgonjwa njiani kwenda Tabora, wengine walisema sivyo, huyo alikuwa mwingine. Mkewe alimngoja miaka mingi akiutunza mkeka wake, akiutoa nje kuuanika jua na kuukunja tena. Ndugu wa mume walipotaka kumrithi, alikataa akisema hajawa mjane. Hakuna aliyeweza kumwonyesha kaburi, basi hapakuwa na wa kumshinda kwa maneno. Ulaya vita vilikwisha tarehe 11 Novemba 1918, na Afrika majuma mawili baadaye. Kwa mama yule sijui vilikwisha siku gani.

Wasomaji waliofika Dar es Salaam wameona soko la Kariakoo, na wa Nairobi wajua mtaa wa Kariokor. Majina hayo mawili ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita hivyo hivyo. Wapagazi wa upande wetu sijaona mtaa wenye jina lao. Zipo pia meli mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizoletwa kutoka Cape Town kwa reli, zikavutwa porini Katanga kwa magari ya mvuke, na hatimaye zikafika ziwani kwetu mwishoni mwa 1915. Mabaharia wake wamesifiwa sana vitabuni. Magari yale yalipokaukiwa na maji, wanawake wa vijiji waliajiriwa kuyachota na kuyaleta kwa mitungi vichwani. Mimi nilipoisoma habari hiyo niliwatafuta wanawake wale kurasa nyingi, nikawapata katika maneno machache, bila jina la hata mmoja.

Vita vya pili nkambo aliviona kwa macho yake, akiwa msichana mdogo. Ubelgiji ilishindwa mwezi wa Mei 1940, na Kongo ikabaki upande wa Waingereza. Askari wa Kongo walipelekwa Uhabeshi, wakawashinda Waitalia huko Asosa na Gambela, na Jenerali Gazzera akajisalimisha huko Saio mwezi wa Julai 1941. Wengine walikwenda Nigeria na Misri, na kikosi cha hospitali kikafika hata Burma. Hayo yalikuwa mbali mno. Lakini mapema mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya na nchi jirani zake, ambako mataifa makubwa yalikuwa yakipata mpira na bati. Mahali pa kuvitafuta pakawa Kongo. Mwaka ule ule Bula Matari aliongeza siku za kazi za lazima kwa mwaka kutoka 60 hadi 120. Watu wa misituni walirudishwa kugema mpira, jambo ambalo wazee wao walikuwa wamelisimulia kwa kutetemeka. Bati likachimbwa Maniema na Kivu. Na Katanga ikatoa, pamoja na shaba, madini ya Shinkolobwe ambayo wachimbaji hawakujua kazi yake, hata yalipotumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945.

Huku bondeni ilikuwa pamba. Sheria ilimtaja mwanamume mwenye nguvu. Jembe lilishikwa na mkewe na watoto. Shamba la pamba lilipimwa kwa kamba na kukaguliwa, na asiyelima alijua jela iko wapi. Shamba la muhogo halikukaguliwa na mtu, basi likangoja. Nkambo alikuwa akichuma pamba pamoja na mama yake, vidole vikichanwa na maganda makavu, nao wakiuza kwa bei iliyopangwa mbali. Lakini siku walipokwenda dukani hapakuwa na kitambaa, maana meli za ng'ambo zilikuwa na kazi nyingine, na kipande kilichopatikana kilizidi bei ya pamba yote ya mwaka. "Tulikuwa tukilala juu ya pamba," alisema, "na mimi nikaenda kwa katekista nimevaa gunia." Alisimulia hilo akicheka. Mama yangu hakupenda alicheke.

Basi nikirudi kwa jirani yangu, naona kodi yake ina historia. Babu zetu walitozwa vichwa na miguu. Wazazi wa nkambo walitozwa siku za jembe. Yeye ametozwa kwa bei, na hapakuja kapita mwenye kamba, wala hakuna mtu wa kumlaumu isipokuwa mwenye duka, ambaye naye analaumu mwenye meli. Ni kweli, tofauti ni kubwa, na sitaki kuwatukana wafu wa njia ya Tabora kwa kuwalinganisha na andazi. Lakini katika nyumba ile mambo hayakuishia kwenye andazi. Binti yake mkubwa alikuwa sekondari. Mtaji ulipokwisha kuliwa, karo ya muhula wa tatu ilikosekana, akarudishwa nyumbani, akaenda kuuza ndagala wakavu pale Kalundu. Nilikwenda kumwombea kwa wakubwa wa shule yake, ambayo siitaji hapa. Nikajibiwa kwamba wao pia wananunua chaki na karatasi kwa bei mpya. Hilo nalo lilikuwa kweli. Mwezi wa Julai makubaliano yalifanywa Istanbul ili ngano ipite tena Bahari Nyeusi, na bei za dunia zikaendelea kushuka. Magazeti yaliyaandika hayo kwa furaha. Binti alirudi shuleni Septemba, akaanza upya darasa lile lile pamoja na wadogo zake.

Tangu siku ya swali la sombe, wanafunzi wangu wana daftari. Kila mwenye mzee nyumbani humwuliza ni nani wa ukoo aliyekwenda na mizigo au na bunduki, na kama alirudi. Majina ni machache bado, na mengine ni nusu jina: "baba yake fulani", "mpwa wa chifu". Jina la babu yake nkambo nililiandika mimi mwenyewe, ukurasa wa kwanza. Wasomaji wa Fizi, Baraka, Luvungi na Kamanyola wenye majina kama hayo wayalete kwa katekista wao, tutayapata.

Mama wa mandazi angali jirani yetu. Juzi nilimwuliza kwa nini andazi halijarudi ukubwa wake wa zamani, maadamu bei za 2022 zimekwisha kupita. Alicheka, akageuza ya mafutani kwanza, ndipo akanijibu: "Mwalimu, watoto wamekwisha kulizoea hili."